Mafuta ya Shavuni Yakitolewa, Taya Linabaki na Nini?

Kuhusu upasuaji wa kupunguza mashavu, watu wamegawanyika pande mbili. Wanaouza huduma wanasema mafuta hayo hayana kazi kwa mtu mzima, ni mabaki ya utotoni tu. Wanaoupinga wanasema ukiyatoa utatafuna kwa shida maisha yako yote. Ukiyatazama maumbile ya taya, wa kwanza wamepotoka kuhusu kazi ya mafuta, na wa pili wamepotoka kuhusu msuli. Hasara kubwa, ikitokea, mara nyingi haipo kwenye kutafuna.

Mafuta yanayozungumzwa si yale ya chini ya ngozi yanayoongezeka mtu akinenepa. Ni kifuko chenye utando wake, kimekaa ndani, kati ya misuli miwili. Upande wa mdomoni kuna baksineta, msuli mwembamba unaounda ukuta wa shavu. Upande wa nje kuna maseta: bana meno, na kile kinachotuna karibu na pembe ya taya ndicho chenyewe. Kifuko kimepewa jina la Xavier Bichat, mwanaanatomia Mfaransa aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla yake, mwaka 1732, Mjerumani Lorenz Heister alikidhani ni tezi. Kwa mtu mzima kila upande una wastani wa mililita 10 hivi. Kina sehemu ya kati na mikia minne: mmoja unashuka shavuni, mmoja unapanda panjani, na miwili imezama nyuma ya taya kwenye misuli inayolisogeza kushoto na kulia.

Kazi yake kwa mtoto mchanga inajulikana: kulizuia shavu lisizame anaponyonya. Kwa mtu mzima inabaki kazi ya kulainisha mwendo. Misuli ya kutafuna inateleza juu ya mingine mara maelfu kwa siku, na kifuko hiki ndicho kinachoipa nafasi ya kuteleza bila kusuguana. Kwa hiyo anayesema hayana kazi anasema uongo, hata kama ana cheti ukutani.

Lakini tazama kinachotolewa. Mgonjwa husukutua kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kisha hupigwa ganzi ya lignokeini yenye adrenalini ya kupunguza kutoka kwa damu. Kabla ya kuchana, daktari hutafuta kwanza kichuguu kidogo ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu. Hapo ndipo mfereji wa mate kutoka tezi ya parotidi, iliyo mbele ya sikio, unapotokea. Chale ya sentimita 1 hadi 2 hupitishwa mbali nacho, chini yake kidogo au juu kwenye mkunjo wa ufizi. Nyuzi za baksineta hutanuliwa kwa ncha butu kufuata zilivyolala. Kisha shavu hubonyezwa kwa nje, chini ya mfupa wake, na mafuta ya njano hujitokeza yenyewe kwenye tundu. Hapa ndipo ustadi unapojulikana: kinachotoka bila kuvutwa ndicho kinachokatwa. Mara nyingi ni mililita 2 hadi 4 kwa upande. Shina huchomwa kwa umeme, mafuta ya kila upande hutiwa kwenye bomba la sindano ili kulinganisha ujazo, na kidonda hushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka. Kazi yote haizidi saa moja ikienda sawa.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kifuko, pamoja na mikia ya ndani inayohudumia misuli ya kusogeza taya, inabaki ilipokuwa. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya wanaoutetea upasuaji huu, na ajabu ni kwamba wao wenyewe huitumia kidogo. Daktari akivuta kwa tamaa ya matokeo ya kuonekana, mkia wa panjani unaweza kufuata, na hapo hoja hiyo inaanguka.

Kwa nini basi watu hulalamika kwamba kutafuna kumebadilika? Baksineta imefunguliwa, na kazi yake ni kurudisha chakula juu ya meno kila kikidondokea pembeni. Wiki ya kwanza na ya pili punje za wali na mabonge ya ugali hukwama kati ya shavu na ufizi, na mtu hujing'ata. Hilo huisha. Pili, uvimbe ulio jirani na maseta huukaza msuli, mdomo ukagoma kufunguka. La tatu ndilo linaloweza kudumu: kovu linaloshikanisha tabaka zilizokuwa zikiteleza. Hutokea zaidi damu ikivilia ndani au kidonda kikiingia vijidudu.

Kipimo cha nyumbani cha kufunguka kwa mdomo ni vidole vitatu vya mkono wako mwenyewe, vikipangwa wima kati ya meno ya mbele. Mtu mzima hufungua mdomo milimita 40 hivi, na chini ya 35 huhesabiwa kuwa taya limekakamaa. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na baada ya hapo kila siku inatakiwa iwe nafuu kuliko jana. Mdomo ukizidi kufunga siku ya nne au ya tano, pamoja na homa au harufu, hayo si maumivu ya kawaida. Shavu moja likivimba ghafla na kuwa gumu, ni damu, na hospitali ni usiku huohuo. Shavu linalojaa wakati wa kula na kupungua baadaye linaashiria mfereji wa mate umeguswa. Mdomo wa juu usiponyanyuka sawa upande mmoja baada ya ganzi kuisha, tawi la neva ya uso limeumia au limebanwa na uvimbe.

Chakula cha siku za mwanzo ni uji wa vuguvugu, mtori, na supu iliyochujwa, kwa kijiko. Mrija hautumiki, kwa sababu kufyonza kunavuta kidonda. Mahindi ya kuchoma, nyama ya mifupa na bigijii vinasubiri wiki tatu au nne. Kwa wanaotafuna miraa onyo ni kali zaidi: taya linafanya kazi kwa saa nyingi bila kupumzika, na donge linakaa shavuni, palepale penye mshono.

Nchi iliyoufanya upasuaji huu kuwa jambo la mtaani ni Brazil. Mwaka 2019 Baraza la Shirikisho la Madaktari wa Meno la huko lilitambua urembo wa uso kuwa ubingwa wa meno, na kuondoa kifuko cha Bichat kukatajwa humo kwa jina. Mwaka 2020 baraza hilohilo likawakataza madaktari wa meno kufanya upasuaji wa kope na wa kuvuta ngozi ya uso, lakini huu wa mashavu ukabaki. Huko pia misuli ya kutafuna imepimwa kabla na baada ya upasuaji, kwa elektromiografia, yaani kupima umeme wa msuli, na kwa kipima nguvu ya kuuma. Picha inayojitokeza inawatia moyo watetezi: msuli unayumba wiki za mwanzo, kisha unatulia kadiri miezi inavyopita. Udhaifu wa vipimo hivyo ni kwamba washiriki ni wachache, wengi ni wanawake vijana wenye meno kamili, na wanafuatiliwa kwa miezi. Havisemi lolote kuhusu mtu anayesaga meno usingizini, wala mwenye kiungo cha taya kinachodatadata tangu zamani. Mtu wa aina hiyo atibiwe taya kwanza, na asiambiwe kwamba tafiti zimeonyesha ni salama.

Wauzaji wana hoja nyingine, kwamba kupunguza shavu kunamsaidia anayejing'ata kila mara. Inawezekana kwa wachache. Wengi wanaojing'ata wana gego la mwisho lililoota kuelekea nje, au magego yanayokutana ncha kwa ncha, au ni mazoea ya wakati wa wasiwasi. Kung'oa au kusawazisha jino kunagharimu kidogo, na hakumpunguzii mtu uso.

Tatizo linaloleta majuto mengi linaanzia kwenye utambuzi. Uso mpana unaweza kuwa mafuta, ndiyo, lakini unaweza kuwa maseta iliyokomaa kwa kusaga meno au kutafuna sana, tezi ya parotidi iliyovimba, au mfupa tu. Uchunguzi wake ni rahisi. Mgonjwa abane meno, daktari ashike pembe ya taya. Ikiwa upana wote uko hapo, chini na nyuma, kifuko cha Bichat hakihusiki. Chenyewe kiko mbele zaidi, chini ya mfupa wa shavu. Ultrasaundi inamaliza ubishi. Mwenye maseta kubwa akitolewa mafuta ya mbele, shavu linazama na pembe ya taya inaonekana kubwa kuliko awali. Anarudi akilalamika, naye ana haki.

Kisha kuna umri. Wanaotetea wanasema kifuko hiki hulegea na kushuka miaka ikienda, hivyo kukipunguza mapema ni kuzuia mashavu kuning'inia. Wanaopinga wanasema mafuta mengine ya uso hupungua na umri, na aliyetoa ya ndani akiwa na miaka 24 hana akiba akifika 45. Tunaelemea upande wa pili kwa watu wenye uso mwembamba na mrefu, na upande wa kwanza una nguvu kwa wenye uso wa duara usiopungua hata uzito ukipungua. Hakuna njia ya kurudisha kifuko. Mafuta ya kupandikiza kutoka tumboni hunyonywa kwa sehemu, na jeli ya kujaza huisha, kwa hiyo hulipiwa tena na tena. Vyote viwili hujaza umbo, wala havirudishi kile kitelezi kati ya misuli.

Na kuna matumizi ambayo matangazo huyapita. Tangu daktari wa upasuaji Egyedi alipoieleza mbinu hiyo mwaka 1977, madaktari wa upasuaji wa kinywa hukivuta kifuko hiki kuziba matundu: kaakaa lililopasuka, tundu lililobaki kati ya kinywa na sainasi, uwazi ulio ndani ya mfupa pembeni mwa pua, baada ya kung'oa gego la juu, au pengo baada ya kukata makovu ya walaji popoo ambao kinywa kimekaza mpaka kijiko hakipiti. Pwani, ambako tambuu bado inaliwa, hilo si jambo la vitabuni.

Kuhusu afya ya akili, walio wengi huridhika miezi ya mwanzo. Tunalichukua kwa tahadhari, maana anayeulizwa amelipa pesa na hajazeeka. Kundi la kuogopewa ni watu wanaofikiria dosari ya uso saa moja au zaidi kila siku, wanaokwepa watu kwa ajili yake, au waliokwisha kutengeneza pua na midomo bila kutulia. Hao upasuaji hauwatulizi. Dosari huhamia pengine. Wanahitaji mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kisu.

Anayebaki na nia, akiwa ametimiza miaka 20 na zaidi na uzito wake umetulia kwa mwaka mzima, aende kwa daktari na picha za mama, baba au shangazi wakiwa na miaka 45. Mashavu ya familia yakiwa yamezama kwenye picha hizo, sisi tungekataa. Yakiwa yamejaa bado, swali linalobaki ni mililita ngapi kila upande, nani atazipima, na kama zitaandikwa kwenye faili.