Desemba Hakuna Kuumwa

Juzi asubuhi, kabla hata chai haijachemka, nimekutana na tangazo kwenye stetasi za WhatsApp. Picha ya binti amevaa fulana ya duka na kofia nyekundu ya Krismasi, anacheka. Chini yake kwa herufi kubwa: MWENYE PICHA HAPO JUU SI MFANYAKAZI WETU TENA. ATAKAYEMPA FEDHA KWA NIABA YETU SHAURI YAKE. Halafu mwishoni, maana ustaarabu lazima uwepo: "Mungu awabariki wateja wetu."

Ungedhani kaiba. Hajaiba hata pini. Binti huyo ni mtoto wa mama yangu mdogo, na kosa lake ni kwamba aliumwa wiki ya Krismasi, na mwezi uliofuata akaandika barua ya kuacha kazi. Basi, hayo ndiyo makosa yake yote.

Matangazo haya tunajua yanavyosomwa. Hakuna anayesoma "si mfanyakazi wetu tena" akaishia hapo. Kila mtu anamalizia mwenyewe kwamba kapiga hela. Na Moshi ilivyo, neno likitoka Double Road saa tatu, saa nne liko Pasua, mchana limepanda Kibosho. Kesho akienda kuomba kazi duka lingine, mwenye duka anayo picha yake kwenye simu kabla hajamsalimia. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini nani anaikumbuka sheria wakati ana hasira na bando?

Nirudi nyuma kidogo. Desemba ya Moshi mnaijua. Kuanzia tarehe ishirini hivi mji haupitiki, watu wameshuka kutoka Dar na kila walikotawanyika, na kabla ya kupanda Rombo, Marangu au Machame lazima wapite mjini kununua. Mashuka, sufuria, viatu vya watoto, zawadi za bibi. Mwenye duka anauza wiki mbili kuliko alivyouza miezi. Sina tatizo na hilo, na mimi hununua huko huko. Ila nyuma ya kaunta kuna binti aliyeingia saa moja asubuhi na atatoka saa nne usiku, amesimama muda wote huo, kwa sababu dukani kwao kukaa ni marufuku. Mteja asione mtu amekaa, ataona duka lina uvivu.

Mwanzoni mwa mwezi waliitwa kikao. Bosi, mama mwenye duka, akawaambia: "Desemba hakuna kuumwa, hakuna kufiwa, hakuna harusi." Wakacheka. Walifikiri ni utani.

Homa ikampata katikati ya msimu. Akaenda kituo cha afya, akapimwa, malaria, akapewa dawa na ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzishwa kazi, ya siku tatu. Akapiga simu kazini nikiwa nimekaa pembeni yake, spika imewashwa kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka.

"Shikamoo mama. Samahani, leo sitaweza kuja, naumwa."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Malaria, mama. Nimepewa ED ya siku tatu."

"Siku tatu! Mwanangu, kwani leo tarehe ngapi?"

Yaani malaria nayo ilitakiwa iangalie kalenda, ione msimu, isubiri Januari.

Mama akaendelea kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliniudhi zaidi. Kunywa dawa, pumzika mpaka saa sita, halafu njoo tu ukae kaunta, hutabeba kitu, nitakuwekea kigoda. Kumbe kigoda kipo! Binti alipokataa, zikaanza simu. Ufunguo wa stoo uko wapi. Yale mashuka ya sita kwa sita bei yake ya mwisho ngapi. Mashine ya risiti, EFD, inagoma, ulikuwa unaiwashaje. Kisha: nitumie picha ya hiyo ED. Akatuma. Kisha: mbona huna dripu? Malaria gani hiyo haina dripu?

Mwisho wa mwezi akakuta amekatwa zile siku tatu, na juu yake kawekewa mgawo wa shoti, yaani hela iliyopungua dukani, iliyotokea siku ambayo alikuwa kitandani. Mkapige hesabu hiyo wenyewe, mimi imenishinda.

Sasa nitasema ambalo nililikusudia. Kuumwa si kosa na kuacha kazi si usaliti, na sheria imeshalimaliza hilo zamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Anachotakiwa kuleta ni cheti cha daktari. Hakuna kifungu cha dripu, nimetafuta. Na kuacha kazi, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni notisi ya maandishi ya siku 28. Unaandika, unafanya kazi mpaka siku yako, unakabidhi, unaondoka, unasalimiana na watu ukikutana nao sokoni.

Shida yetu haiko kwenye vifungu. Shida ni kwamba mwenye duka wa kwetu hajioni kama ameajiri, anajiona amesaidia. Binti alipompelekea ile barua katikati ya Januari, mama hakuuliza tarehe ya mwisho wala nani atakabidhiwa stoo. Alisema, "Baada ya yote niliyokufanyia?" Na daftari likafunguliwa. Nilikutoa nyumbani hujui hata kushika kikokotoo. Nilikupa chakula cha mchana. Msiba wa babu yako nilikuja na sukari. Kweli, sukari alikuja nayo, kilo kumi, na tulishukuru mbele za watu kama inavyotakiwa. Lakini mbona daftari lina upande mmoja tu? Zile saa za usiku zaidi ya zile tisa ambazo sheria inaziruhusu kwa siku, ambazo zilitakiwa zilipwe mara moja na nusu, zimeandikwa ukurasa gani? Wateja waliokuwa wanaingia wakiulizia "yule dada mweupe yuko wapi", na wakiambiwa hayupo wanageuza, hao waliletwa na nani?

Msaada ni kitu kizuri, na ndiyo maana unamfunga mtu vibaya. Mshahara ukilipwa, mmemalizana mwezi huo. Fadhila haina mwisho wa mwezi. Ukiugua umeisahau fadhila, ukiomba likizo umeanza kuota pembe, ukiondoka wewe ni nyoka aliyefugwa. Kwa hiyo vijana wetu hawaagi. Wanajua barua italeta kilio, simu kwa wazazi, kikao cha ukoo, na mwisho picha kwenye stetasi. Wanachagua njia rahisi: wanapokea mshahara, wanazima simu, wanapanda basi la Arusha.

Na hapa niwape wenye maduka haki yao, ingawa leo sina moyo wa kuwapa kitu. Wako wanaoteswa kweli. Kuna vijana wamezikisha bibi mmoja mara tatu. Kuna ED zinazonunuliwa, na kila mtu mjini anajua hilo. Ukiwa na fremu moja na mfanyakazi mmoja, umelipa kodi ya miezi sita mbele, benki inasubiri rejesho, halafu saa mbili asubuhi mtu anazima simu na ufunguo uko kwake, unaweza kulia. Anayeondoka bila notisi naye sheria haimwachi, mwajiri anaruhusiwa kukata fedha za siku ambazo angetakiwa kuzifanyia kazi. Sawa. Nimesema.

Ila niambieni kitu kimoja, maana wote mnafanya biashara hapa. Krismasi ikiisha, watu wakirudi Dar, mji ukabaki na karo na madeni, nani anaondolewa dukani? Ni hao hao mliowaambia Desemba hakuna kuumwa. Na wanaondolewaje? "Biashara imepoa, pumzika kwanza nyumbani, nitakuita." Hakuna barua, hakuna siku 28, hakuna malipo ya likizo. Nitakuita! Wapo wanaosubiri kuitwa tangu Januari za miaka hiyo. Mwajiri akiondoa mtu bila notisi huo ni upepo wa biashara; mfanyakazi akitoa notisi halali, kwa maandishi, huo ni utovu wa shukrani unaostahili kutangazwa kwa umma na Mungu kutajwa mwishoni. Nimelizungusha kichwani nikashindwa kupata jina la heshima la tabia hii.

Shoti nayo nisiiache. Huruhusiwi kumkata mtu kwa hasara mpaka akubali kwa maandishi, kosa liwe lake na awe amepewa nafasi ya kujieleza, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kugawanya shoti kwa vichwa kama mchango wa harusi hakuko popote. Michango ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nisiizungumze leo, presha yangu si nzuri.

Wadogo zangu mlioko kwenye kaunta, ED piga picha siku hiyo hiyo na utume kwa ujumbe, usiishie kwenye simu ya mdomo. Barua ya kuacha kazi andika nakala mbili, moja asaini aliyepokea, aandike na tarehe. Akikataa kusaini, mtumie picha ya barua hiyo WhatsApp, zile tiki mbili zina kazi yake. Kabidhi ufunguo na mali mbele ya mtu. Dai cheti cha utumishi, ni haki yako hata kama mmeachana kwa maneno. Kiinua mgongo usikidai kama umeacha mwenyewe, utajichosha. Ukidhulumiwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, ina ofisi hapa hapa Moshi. Una siku 30 za kupeleka shauri kama umeachishwa, siku 60 kwa madai mengine, kwa hiyo usikae nyumbani unasubiri bosi apoe roho.

Binti wetu alijitolea kumaliza siku zake 28. Mama akamwambia atoke siku hiyo hiyo, fulana aiache. Ameiacha, imefuliwa na kupigwa pasi. Siku alizofanya kazi Januari, zikiwemo zile za kuhesabu mali mpaka usiku, hajalipwa mpaka naandika haya. Mama, najua unasoma, maana hupitwi na stetasi zangu. Namba yake ya M-Pesa ni ile ile uliyokuwa unaipigia kuulizia bei za mashuka.