Cheti cha kompyuta ya ndege kinathibitisha nini hasa?

Wahandisi wanaounda kompyuta za ndege wana lalamiko la siku zote: wanaandika nyaraka nyingi kuliko programu. Hawasemi uongo. Programu inayosimamia usukani wa ndege ya abiria hukaguliwa kwa mwongozo uitwao DO-178C, uliotoka mwaka 2011 kuchukua nafasi ya ule wa 1992. Saketi na chipu zina mwongozo wao, DO-254, wa mwaka 2000. Kila programu hupangiwa daraja, kuanzia A, ambapo hitilafu inaweza kuangusha ndege, hadi E, ambapo hitilafu haigusi usalama. Daraja A lina malengo 71, na 30 kati ya hayo lazima yathibitishwe na mtu tofauti na aliyeifanya kazi yenyewe. Daraja D lina 26 tu.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja nzito. Tangu Airbus A320 ianze kubeba abiria mwaka 1988, kompyuta zimekaa kati ya mkono wa rubani na mabawa, na ajali zinazotajwa sana katika mijadala ya programu za ndege si zile ambazo programu ilikiuka ilichoagizwa. Ni zile ambazo iliagizwa vibaya ikatii. Hapo ndipo ninapoona kiini cha suala hili: cheti kinathibitisha vizuri mno kwamba kilichojengwa ndicho kilichoandikwa, na kinathibitisha kwa udhaifu zaidi kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotakiwa.

Tuchukue mfano mmoja tuuangalie kwa karibu. Septemba 1993, A320 ya Lufthansa ilitua Warsaw kwenye njia iliyolowa, upepo ukiisukuma kwa nyuma na rubani akiwa ameiinamisha upande mmoja kwa kutarajia upepo wa pembeni. Gurudumu la kulia liligusa ardhi, la kushoto likachelewa takribani sekunde tisa. Vibao vya juu ya mabawa, vinavyoikandamiza ndege ardhini ili breki zishike, vilikuwa na sharti ambalo kwa kurahisisha lilisema hivi: funguka ikiwa miguu yote miwili ya magurudumu imebeba uzito, au ikiwa magurudumu yanazunguka kwa kasi ya kutosha. Mguu mmoja ulikuwa bado hewani, na magurudumu yaliteleza juu ya maji bila kuzunguka inavyotakiwa. Kompyuta ikasubiri. Watu wawili walikufa.

Sasa lijaribu sharti hilo kama Daraja A linavyodai, yaani kuonyesha kwamba kila kipengele peke yake kinaweza kubadilisha uamuzi. Vipengele ni vitatu: mguu wa kushoto, mguu wa kulia, kasi ya magurudumu. Majaribio manne yanatosha. Miguu yote imebeba, kasi hakuna: vibao vifunguke. Uondoe mguu wa kushoto: visifunguke. Urudishe, uondoe wa kulia: visifunguke. Mguu mmoja hewani lakini kasi ipo: vifunguke. Yote manne yatafaulu na ripoti itaonyesha kwamba sharti limejaribiwa kwa asilimia 100, lakini zile sekunde tisa za Warsaw hazitaonekana popote, kwa sababu hakuna aliyeliuliza sharti lenyewe kama linafaa.

Ndiyo maana tabia ninayoiona mbaya kuliko zote katika kazi hii ni kuifukuzia asilimia hiyo. Timu iliyochelewa huandika programu kwanza, kisha mahitaji, yaani maelezo ya kile programu inachopaswa kufanya, yanaandikwa kwa kuisoma programu, halafu majaribio yanatungwa kwa kutazama mistari ipi haijaguswa. Mkaguzi akija atakuta kila kitu kimeunganishwa na kila kitu. Lakini majaribio ya namna hiyo hayawezi kumkamata mwandishi wa programu, maana yanarudia alichokiwaza yeye. Mwongozo wenyewe unataka kinyume chake: majaribio yatoke kwenye mahitaji, na mstari ambao haukufikiwa uwe dalili ya kuchunguzwa. Je, kuna hitaji lililosahaulika? Kuna jaribio lililokosekana? Au ni msimbo usio na kazi ambao haukupaswa kuwemo? Timu nzuri hutumia saa nyingi kwenye maswali haya, na mara nyingi jibu humrudisha mtu kwenye hitaji lililoandikwa kwa haraka.

Wakosoaji nao hawakosi ushahidi. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu Boeing 787: vidhibiti vya jenereta vikiwashwa siku 248 mfululizo vinaweza kuzimika vyote kwa pamoja. Idadi hiyo ya siku inalingana na kihesabu cha biti 32, moja ikiwa imetengwa kwa alama ya chanya au hasi, kinachohesabu sehemu za mia za sekunde hadi kujaa. Hilo ni kosa la kawaida kabisa la programu, na lilipita katika nyaraka zote hizo. Wakosoaji husema pia kwamba gharama ya cheti huziacha ndege ndogo na vyombo vya zamani, wakati chombo kipya cha bei nafuu kingemwokoa rubani. Hapo nakubaliana nao. FAA ililegeza masharti ya ndege ndogo mwaka 2017, na nadhani ilifanya sawa, kwa kuwa kiwango cha ukali kinapaswa kufuata ukubwa wa madhara.

Kuna wanaotegemea kinga nyingine: kuunda kompyuta kadhaa zisizofanana ili kosa la moja lisiwe la zote. Boeing 777 ina kompyuta kuu za usukani zenye prosesa za kampuni tatu tofauti, na A320 iligawa kazi kati ya aina mbili za kompyuta. Ni desturi njema sana dhidi ya hitilafu za chipu. Kwa makosa ya kufikiri inasaidia kidogo zaidi. Mwaka 1986 John Knight na Nancy Leveson walichapisha jaribio la programu 27 zilizoandikwa kila moja kivyake kutokana na maelezo yale yale, na programu hizo zilikosea pamoja mara nyingi kuliko ambavyo ingetarajiwa kama makosa yangekuwa huru.

Kisha ikaja 737 MAX. Mfumo wa MCAS, uliosukuma pua ya ndege chini, ulitegemea kihisi kimoja cha pembe ya bawa dhidi ya hewa. Watu 346 walikufa katika ajali mbili, Oktoba 2018 na Machi 2019. Ripoti ya NTSB, bodi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali, ya Septemba 2019 ilieleza kwamba wakati wa kutathmini hatari, majaribio ya simuleta hayakuiga kengele na maonyo yote ambayo kihisi kibovu kingeyaamsha kwa marubani. Hatari ikapewa uzito mdogo kuliko iliostahili, na kazi yote iliyofuata ikarithi uzito huo.

Jambo linaloniumiza zaidi ni namba. Tathmini ya awali ya usalama ilitaja kwamba MCAS ingesogeza bawa la mkia nyuzi 0.6 kwa mara moja, lakini ndege iliyoingia kazini iliweza nyuzi 2.5. Badiliko la aina hiyo linapaswa kuifungua upya tathmini ya hatari pale pale, na kuipeleka kwa watu ambao mishahara na ratiba zao hazitegemei tarehe ya kukabidhi ndege. Kama lazima bajeti ipunguzwe, ipunguzwe kwingine. Mapitio ya namna hiyo hayahitaji mashine mpya wala mwongozo mpya. Yanahitaji wahandisi wachache wenye mamlaka ya kusimamisha kazi.