Kalamu ya Illustrator na swichi iliyochelewa

Juni 2014 Adobe walitoa toleo jipya la Illustrator, programu yao ya kuchora kwenye kompyuta, na safari hiyo waliigusa kalamu, chombo ambacho mchoraji wa vekta, yaani michoro ya nukta zilizounganishwa kwa mistari, hushinda nacho kutwa nzima. Zamani ulibofya nukta ya kwanza, ukabofya ya pili, ndipo mstari ukatokea. Toleo hilo lilileta mstari unaoonekana kabla hujabofya, unaokifuata kishale kokote kiendako na kuvutika kama mpira. Wakongwe walikasirika.

Watengenezaji hawakukurupuka. Kalamu huwatoa jasho wanafunzi kuliko karibu chombo kingine chochote. Mikunjo yake ni ile yenye jina la Pierre Bézier, mhandisi wa magari ya Renault: umbo la mstari huamuliwa na nukta mbili za mwisho pamoja na mishikio inayochomoza kwenye nukta hizo. Anayeanza hajui mshikio aliouvuta hapa utaupinda mstari kiasi gani kule. Anabofya, unatokea mkunjo asioutaka, anafuta, anarudia. Akiuona mapema, haendi kwa kubahatisha.

Sasa mtazame fundi wa kuchapa fulana. Mteja kamtumia logo kwa WhatsApp, picha imefifia, kingo za herufi zimemegekamegeka. Fundi anaiweka chini, anaivuta karibu, anaipitia upya kwa kalamu nukta baada ya nukta. Macho yake yako kwenye ukingo ulio mbele ya kishale, maana ndipo nukta inayofuata itakapokaa. Mstari mpya unapita palepale. Akisogeza mkono huku akitafuta pa kubofya, nao unatambaa juu ya herufi anayoikagua. Huyu hana haja ya kuonyeshwa mkunjo utakavyokaa. Mkono wake ulishajua siku nyingi.

Wapo waliosema watu watazoea tu. Kitufe kikihamishwa, nakubali, baada ya wiki umekisahau. Lakini kitu kinachoziba kazi yenyewe hakigeuki kuwa msaada kwa sababu umekivumilia. Na kubaki na toleo la zamani kulikuwa na gharama yake: ungeukosa mstatili mpya ambao pembe zake unaweza kuzizungusha na kuzirekebisha hata baadaye, kitu kizuri kilichokuja katika toleo hilohilo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Photoshop, programu ya kuhariri picha ya kampuni hiyohiyo, ilikuwa na mstari kama huo tangu zamani, na huko anayeutaka anauwasha mwenyewe. Illustrator ilipata swichi ya kuuzima Oktoba 2014. Toleo hilo la Oktoba lilileta pia chombo kipya cha mikunjo kisichomlazimu mtu kuvuta mishikio, tena bila kuigusa kalamu ya wakongwe.

Mimi naona mstari huo ulistahili kuja ukiwa umewashwa, kwa sababu mgeni hafungui mipangilio. Ila swichi ilipaswa kutoka nao siku moja. Inkscape, programu nyingine ya kuchora vekta, walifanya hivyo Mei 2020. Toleo lao la 1.0 liligeuza mhimili wa wima ili sifuri ianzie juu kushoto, kama ilivyo kwenye faili za SVG, aina ya faili za michoro ya vekta, jambo lililovuruga vipimo walivyozoea watumiaji wake wa zamani. Lakini ndani ya toleo hilohilo, kwenye mipangilio, kulikuwa na kisanduku cha kuurudisha ulivyokuwa.