Inchi 3 kwenye gari lenye uvungu mfupi

Vijana wengi wenye Subaru Impreza za turbo (feni inayoisukumia injini hewa zaidi) hapa Dar es Salaam wana msimamo mmoja kuhusu ekzosi, yaani bomba la moshi: inchi 3 kutoka kwenye turbo hadi nyuma, chini ya hapo ni kupoteza hela. Mafundi wakongwe wanawajibu kwamba gari lililokatwa springi ili likae chini halina pa kulaza bomba nene hivyo. Wafunge inchi 2 na nusu, wapite matuta kwa amani. Wote wana hoja, lakini naona wanabishania unene wa bomba wakati kinachogonga chini ni kimo chake.

Wenye inchi 3 hawatafuti kelele tu. Turbo inazungushwa na moshi wa injini, na moshi ukishapita pale unatakiwa kutoka haraka. Ukibanwa huko nyuma, turbo inachelewa kuamka na joto linarudi kwenye injini. Kwa gari lisilo na turbo hoja hiyo haina uzito. Gari dogo kama Toyota IST au Vitz ukiifungia inchi 3 utapata mngurumo, na mara nyingi gari litakuwa zito kidogo wakati wa kuondoka. Inchi 2 zinaitosha.

Mafundi nao wanasema walichokiona uvunguni, na mimi nimekiona pia. Gereji moja ilinifungia bomba la inchi 3, na wiki ya pili nikaanza kusikia moshi unavuja. Kuweka jeki na kuchungulia, flenji ya katikati, ile sahani ya bolti inayounganisha vipande vya bomba, imesagika upande wa chini, inang'aa kama sarafu mpya. Kichwa cha bolti ya chini kilikuwa kimebaki nusu, spana haishiki, na mpira mmoja wa kuning'inizia bomba ulikuwa umekatika. Fundi alikuwa ameifunga flenji ya bolti mbili kwa namna ambayo moja ilikaa juu na nyingine chini. Angeizungusha robo tu, bolti zote zingelala ubavuni.

Bomba linagonga katikati ya gari kwa sababu ya umbo la tuta. Impreza hizi zina karibu mita 2.5 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ya mbele yakishashuka na ya nyuma hayajapanda, tuta lote liko chini ya tumbo la gari, na kila sentimita ya kimo chake inatolewa kwenye uvungu wako. Hapo springi nazo zinabonyea kwa kishindo cha kushuka. Karibu na magurudumu ya nyuma hatari ni ndogo zaidi, maana bomba linapanda pamoja nayo. Kwa hiyo sehemu inayohitaji kuokolewa ni fupi.

Tupige hesabu. Bomba la duara la inchi 3 lina kipenyo cha milimita 76, na uwazi wake, tukiacha unene wa bati, ni kama sentimita za mraba 45. La inchi 2 na nusu linakupunguzia kimo milimita 13 tu, lakini uwazi unashuka hadi karibu 32. Sasa chukua lile la inchi 3 ulibane liwe bapa, kimo milimita 50: uwazi unabaki karibu 40. Umepata sentimita 2 na nusu za uvungu, na moshi bado una njia pana kuliko kwenye inchi 2 na nusu ya duara. Mabomba mawili ya inchi 2 yakilazwa sambamba yanafika hapo hapo kwa uwazi na kwa kimo, ila yanataka upana, na Impreza ina propela shafti, ule mhimili wa kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, inayopita katikati.

Bomba bapa nalo lina madhara yake. Ukilipiga kwa nyundo linakunjika na kubana pasipotakiwa. Linataka presi, mashine ya kubania, au ununue lililotengenezwa bapa tangu mwanzo. Kuunganisha bapa na duara ni kuchomelea mara mbili zaidi, na kila kiungo kinaweza kupasuka. Kuta bapa pia zinatetemeka kuliko duara.

Wapo wanaoshauri moshi utokee ubavuni, chini ya mlango. Hilo nalipinga kabisa. Kwenye foleni moshi unapanda hadi dirishani, na kaboni monoksidi haina harufu ya kukuonya. Wengine wanang'oa masega, kile chombo cha kusafishia moshi, wapate nafasi na hela ya kuyauza. Anayevuta moshi huo ni mtu wa pembeni ya barabara. Spesa, vipande vya kuongeza kimo, kwenye springi ni dawa ya kweli kwa mwenye IST anayetaka gari linyanyuke, ingawa mteremko wa shafti za magurudumu unabadilika na alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, lazima ipimwe upya.

Kubana bomba juu kupita kiasi ni kosa pia. Injini inacheza kwenye maunti zake, ile mipira inayoishikilia, na bomba linacheza nayo. Liache lisiguse bodi, na likae mbali na paipu za breki na tangi la mafuta, au uweke bati la kukinga joto katikati. Vipimo vyote vichukuliwe gari likiwa na watu wanne ndani na mzigo kwenye buti, kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta matuta ya Mikumi ukienda Iringa.

Mimi nilikata kipande cha katikati, kama sentimita 80, nikaweka bapa, flenji nikailaza. Tangu hapo halijagusa chini hata nikijaza abiria. Injini ikifika mizunguko 3,000 kwa dakika kuna mngurumo ambao haukuwepo, unachosha masikio safari ndefu, na bado natafuta sailensa bapa itakayoutuliza bila kunirudisha chini.