Mgeni wa komiki msimwanzishe na namba moja

Kuna jambo linanikera hapa Amu, yaani Lamu, na leo nalisema. Kijana ametoka kutazama muvi ya Batman au Spider-Man kwenye simu, moto umemshika, anakuja barazani anauliza jamani nianze na komiki gani, basi wale wajuzi wanamrushia majina makubwa makubwa, anza 1962 Spider-Man alipotokea na usiruke kitu, soma Watchmen, soma Crisis on Infinite Earths. Wiki haijaisha keshaacha na anasema komiki hazimfai.

Sasa hebu tuseme ukweli. Crisis ilitoka 1985 mpaka 1986, matoleo 12, na kazi yake ilikuwa kufagia hadithi za DC, kampuni ya Superman na Batman, zilizokuwa zimerundikana na kugongana tangu Superman aanze 1938. Mle watu wanakufa, na mgeni hata hawajui, atamlilia nani? Watchmen ni kazi kubwa, hilo sibishi kabisa, lakini ni kitabu kinachowasaili mashujaa wenyewe, na wewe hujawahi hata kumpenda shujaa mmoja unaanza kumsaili wa nini.

Mimi nasema hadithi ya kwanza iwe na mwanzo wake na mwisho wake, iishe mkononi mwa msomaji bila kumtuma akatafute vitabu vingine kumi. Liyongo sisi tulimjua vipi? Hakuna bibi aliyetuanzishia na nasaba ya Pate. Tulianza na ule mkate wenye tupa ndani aliopelekewa gerezani na mamake, tukaenda mpaka sindano ya shaba kitovuni, na ukoo wake tukaja kuuliza wenyewe baadaye kwa sababu tulishampenda.

Na kwetu hili lina uzito zaidi maana kitabu ukiagiza Mombasa kinakuja na basi mpaka Mokowe halafu kipande boti, pesa ya kitabu na pesa ya usafiri, mtu hana nafasi ya kubahatisha juzuu tano.

All-Star Superman ya Grant Morrison na Frank Quitely ndiyo naitolea mfano kila siku. Ukurasa wa kwanza una picha nne na maneno nane tu: sayari inaangamia, wanasayansi wamebanwa, tumaini la mwisho ni kitoto kwenye chombo, halafu wale mke na mume wema wanaokiokota. Basi, asili yote ya Superman imekwisha hapo, ukifunua unamkuta mwenyewe yuko kwenye jua kazini. Matoleo 12, ilianza 2005 ikamalizika 2008, na hakuna unachotakiwa kujua kabla.

Kwa mabinti zetu mimi sifikirii mara mbili, nawapa Ms. Marvel ya 2014, juzuu la kwanza, lililokusanya matoleo matano. Mwandishi ni G. Willow Wilson, mchoraji Adrian Alphona. Kamala Khan ni binti wa Kiislamu wa Jersey City, wazazi wametoka Pakistani, na kitabu kinaanzaje? Yuko dukani ananusa sandwichi ya nyama ya nguruwe, hali, ananusa tu, na pembeni yuko shoga yake Nakia amejifunga hijabu. Mpe binti wa Langoni ukurasa huo umtazame uso! Halafu usiku anatoroka kwenda pati babake amemkataza, kule ndiko anakopata nguvu, na kitu cha kwanza anageuka mzungu mwenye nywele za dhahabu kwa sababu ndivyo alivyodhani shujaa anavyokuwa. Kitabu kizima ni yeye kugundua kuwa sura yake mwenyewe inatosha. Mimi sijaona kingine kinachoingia nyumbani kwetu sawasawa kama hiki.

Watu wazima wanaopenda mambo ya polisi na rushwa wapeni Batman: Year One, ya Frank Miller na David Mazzucchelli, 1987, matoleo manne tu. Nusu nzima ni ya Gordon, askari msafi kwenye kituo kilichooza, na Mkenya gani haielewi hiyo. Ila watoto wasipewe, mna makahaba na damu. Watoto wapeni Superman Smashes the Klan ya Gene Luen Yang na Gurihiru, familia ya Kichina imehamia Metropolis, mji wa Superman, na majirani hawawataki, na mle mwanzoni Superman bado hapai hewani kama ndege, anakimbia na kuchupa, kama alivyokuwa 1938.

Najua wengi mtauliza mbona sijamtaja Storm, yaani Ororo wa kundi la mashujaa la X-Men, na mamake ni Mkenya. Nampenda sana Ororo, wallahi, lakini X-Men ni ukoo mkubwa, kila mtu ana historia na mwenzake, na kule alikoanzia 1975 tunamkuta Kenya watu wanamwabudu kama mungu, mzazi wa hapa akifungua ukurasa huo kwanza, komiki zote zimefungiwa kabatini. Asiwe mlango. Mwacheni msomaji amalize Kamala juzuu la kwanza, ataomba la pili mwenyewe, na mle toleo la 6 na la 7 Kamala anakutana na Wolverine wa X-Men. Akiuliza huyu mwenye makucha katoka wapi, sasa hapo mpeni X-Men, na Storm yumo.