Bahasha ya Pole

Chanzo cha yote ni Barnaba. Jumapili ile mchungaji alifungua Matendo ya Mitume sura ya 4, akatueleza kwamba huyu bwana jina lake alilopewa na wazazi lilikuwa Yusufu, Mlawi wa kutoka Kipro, ila mitume wakamwita Barnaba, maana yake Mwana wa Faraja. Mtu kafariji watu mpaka jina la nyumbani limesahaulika! Mimi mtaani kwetu najulikana kama "yule mwenye pikipiki bovu". Nikaona hapa pana nafasi.

Nilianza Jumatatu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilimwona jirani anafungua geti, nikamrushia juu ya ukuta: "Jirani! Mungu akubariki, wewe ni baba wa mfano!" Mbwa wake wakaamka, kichanga chake kikaamka, mkewe akaamka. Sitaandika alichonijibu. Jioni ndipo nikakutana na Mithali 27:14, inayosema kwamba anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu asubuhi na mapema anahesabiwa kuwa amemlaani. Kumbe lilishaandikwa zamani. Tatizo letu tunasoma mistari iliyopigiwa wino tu.

Ijumaa mwenyekiti wa jumuiya akanipigia simu. Kuna msiba Nkuhungu, familia imehamia karibuni, hatuijui vizuri, wanajumuiya wengi wako kazini, kwa hiyo niende mimi nikatoe neno la faraja na kupeleka bahasha. Mnaona jinsi Mungu anavyofungua milango? Nikauliza, aliyefariki ni nani? "Ni..." Salio lake likaisha. Ujumbe ukaja baadaye kidogo, naona kaazima simu ya mtu: "Shuka kituoni, kata kushoto kwenye mwarobaini mkubwa, utaona turubai."

Alisema turubai. Hakusema mangapi.

Kwa asiyeujua mji wetu: Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, ikakaa ikisubiri zaidi ya miaka 40, kisha mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwelikweli, na kila mtu akajenga kwa wakati mmoja. Mtaa mzima bati la rangi moja, geti la rangi moja, hata tangi la maji limewekwa upande uleule. Ukimtembelea shemeji usiku unaweza kula chakula chote ndipo ugundue si kwake.

Nikakata kushoto. Upepo wa Agosti ulikuwa unapeperusha vumbi jekundu, na mbele yangu turubai linapigapiga kama tanga. Chini yake wazee wanne wanacheza karata. Viti vya plastiki vimepangwa. Upande wa jikoni akina mama kama kumi wamekaa kwenye mikeka, khanga kichwani, kimya. Katikati yao mama mmoja mtu mzima anatiririkwa na machozi. Sasa hapo niulize nini tena?

Nikavua viatu, nikapiga goti mkekani, nikamshika mkono. Ulikuwa na kisu. Mbele yake palikuwa na beseni la vitunguu, nami nikaliona, ila akili ilipita juu yake kama basi lisilosimama kituoni.

"Pole sana, mama."

"Asante, baba. Hatujalala tangu juzi."

"Ndiyo dunia. Leo tunaye, kesho hatunaye."

"We acha tu." Akajifuta kwa kiwiko. "Kesho kutwa saa kama hizi chumba chake kitakuwa kitupu."

"Alikuwa mtoto mwema?"

"Mwema sana. Ila ugali bado."

Nikajua ni uchungu unaosema. Wafiwa huwa wanaongea hivyo msibani, mara wakumbuke sufuria, mara deni. Nikaendelea kwa upole: "Inauma sana akiondoka angali mbichi."

"Mbichi? Ana miaka 32! Shangazi zake walishakata tamaa."

Shangazi wawili wakaitikia kwa kichwa. Mtu mwenye akili timamu hapo angeuliza swali moja tu, la kawaida, na mimi leo nisingekuwa na kitu cha kuandika. Lakini nilikuwa nimejiandaa. Neno la faraja nilikuwa nimelikariri kwenye daladala, na mtu akishakariri hasikilizi.

"Anakokwenda, mama, hakuna njaa, hakuna kiu, hakuna taabu."

Akaniangalia kwa mshangao. "Singida?"

Nikaelewa kwamba wanasafirisha. "Mmeshapata gari?"

"Watakuja wenyewe kumchukua Jumapili, na Coaster mbili. Yeye atakaa mbele na dereva, hapendi kubanwa."

Nilitaka kushangaa. Kisha nikajiambia makabila yana mila nyingi, nani amekuweka hakimu? Nikaomba tusimame tuombe.

Niliomba sala ambayo ingenipa lile jina la Barnaba mchana huohuo. Nikasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Wakasema amina. Nikasema umpokee katika makao yake mapya. Amina! Nikasema umlaze mahali pema. Shangazi mmoja akakohoa, mwingine akajificha usoni kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika. Wanalia, nikasema moyoni, wacha walie. Nikatoa bahasha kwa mikono miwili. Kijana mwenye daftari kubwa akaipokea, akafungua, akahesabu, akaandika. Juu ya bahasha palikuwa na mwandiko wangu mwenyewe: POLENI, BWANA AWATIE NGUVU. Akausoma, akanitazama, akausoma tena.

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguka.

Akatoka mwanamke amejifunga shuka jeupe kuanzia kifuani mpaka miguuni. Uso wote mweupe pee, umekauka, una nyufa, mdomo haufunguki vizuri. Akasema kwa sauti ya ndani kwa ndani: "Mama, maji ya kunawa yako wapi?"

Mama akamwonesha kwa kisu. "Mtoto mwenyewe ndiye huyo, baba."

"Shindwa kwa jina la Yesu!"

Nilirudi nyuma hatua tatu. Ya kwanza nilikanyaga mkeka, ya pili nikakanyaga mzee wa karata, ya tatu ilikuwa beseni la nyanya zilizomenywa, na humo ndimo nilimokaa. Zilikuwa za baridi, nakumbuka hilo. Marehemu akaanza kucheka, na kila alipocheka kipande cha uso kikadondoka. Nilikuja kuambiwa baadaye ni unga wa mchele na maziwa mgando, ya kung'arisha ngozi. Sendofu ya kumuaga bi harusi ilikuwa Jumamosi. Kimya kile cha akina mama? Umeme ulikuwa umekatika, spika zimezimika, na umbea wa asubuhi walikuwa wameshaumaliza.

Walicheka mpaka yule mzee niliyemkanyaga akasamehe. Biblia inasema wazi kwamba kumwimbia nyimbo mtu mwenye huzuni si vizuri, iko Mithali 25. Nimetafuta mstari unaokataza kumpa pole mwenye sherehe, sijaupata. Inaonekana hakuna aliyewahi kufikiri utahitajika.

Mama alikuwa wa mwisho kunyamaza. Akanivuta pembeni, karibu na kichanja cha zabibu, akaniletea khanga nijifute suruali. Macho yake bado mekundu, na sasa vitunguu vilikuwa mbali.

"Wiki ya pili hii watu wananipa hongera," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kunipa pole." Akakunja ile khanga, akaikunjua. "Ni mtoto wangu wa pekee huyu. Hebu maliza ile sala, baba. Ila kwenye kumlaza, ruka."

Nikamalizia, kwa maneno machache. Yale ya kukariri yalikuwa yameshakwisha.

Kazi ikawa bahasha. Nilimwendea yule kijana, nikamweleza taratibu kwamba zile elfu ishirini ni za jumuiya, ni za msiba. Akafungua daftari, akanionesha mstari wangu namba 47, akaupigia kidole. "Mtumishi, hela ikishaingia kwenye daftari haitoki. Kadi ya mtu mmoja ni elfu hamsini. Umebakiza thelathini."

Msiba wenyewe ulikuwa nyumba ya nne kutoka pale. Turubai lilelile, viti vilevile. Niliingia nimejifunga khanga ya mama wa bi harusi kiunoni, chini yake suruali nyekundu, mkononi sina kitu. Njiani vumbi liliniingia machoni nikajifikicha. Nilikuwa nimeshika mkono wa mtu aliyekata vitunguu tangu alfajiri. Nilipofika mbele ya mfiwa sikuweza hata kusema shikamoo, machozi yalikuwa yanateremka kama bomba limepasuka.

Mzee akasimama. Alikuwa amefiwa na mama yake. Akanishika bega, akanikalisha, akaagiza maji.

"Jikaze, mwanangu," aliniambia. "Bibi alikuwa na miaka 91. Amekula chumvi ya kutosha, amewaona mpaka vitukuu. Usilie hivyo." Akawageukia watu: "Mnaona huyu? Sijui hata ni wa upande gani, lakini uchungu wake ni wa kweli." Akanipigapiga mgongoni mpaka macho yakaacha kuwasha.

Ndipo nikamwona mwenyekiti wa jumuiya anakuja akipenya katikati ya viti. Kumbe alipata ruhusa kazini. Akainama sikioni mwangu, akanong'ona:

"Bahasha umempa nani?"

Nikaendelea kulia.