Akimaliza Mapema, Mnampa Nini?

Binti yangu alijifunza kusoma kwenye vibao vya daladala na khanga za bibi yake. Miaka mitano haijatimia vizuri, anasoma jina la khanga kwa sauti mbele za wageni, halafu anataka afumbuliwe fumbo papo hapo. Tangu hapo ukoo ukapitisha azimio: huyu ni kipanga, mtoto mwenye akili nyingi, na kipanga hapelekwi Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali.

Basi nikaanza kuzunguka shule. Shule zetu za vipaji maalum hapa Tanzania zinaanzia kidato cha kwanza: Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Tabora kwa wavulana; Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana kwa mabinti. Ufunguo wake ni matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kwa hiyo mwenye miaka sita leo atangoja miaka mingi kabla hajatambuliwa, tena atambuliwe kwa mtihani ambao sehemu yake kubwa ni kuchagua jibu na kusiliba, yaani kutia weusi kiduara cha jibu. Mtoto wa "kwa nini" hana pa kusiliba swali lake.

Ndiyo maana sikuuliza wastani wa ufaulu. Kila ofisi ya mwalimu mkuu niliyoingia niliuliza jambo moja: mtoto akimaliza kazi mapema, mnampa nini?

Shule ya kwanza ni ya mchepuo wa Kiingereza, getini bango kubwa la kujisifia matokeo. (Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule bora mwaka 2023, lakini mabango hayajapata habari.) Nikajibiwa kwa fahari kwamba pale hakuna anayemaliza mapema, kazi ni nyingi. Nikaonyeshwa daftari: hesabu za kujumlisha, ukurasa baada ya ukurasa, zote za aina moja. Mtoto aliyeelewa kwenye hesabu ya tatu anaadhibiwa mpaka ya arobaini.

Ya pili: "Tunampa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele." Nilicheka mpaka mwalimu akashangaa. Kazi hiyo niliifanya mimi miaka mingi, na nilichojifunza ni kwamba andazi moja linaweza kufuta jina.

Ya tatu wakasema: tunamrusha darasa. Hapa ndipo nyumbani tulipogawanyika. Kaka yangu alishangilia, akamtaja Mwalimu Nyerere, aliyemaliza masomo ya miaka minne kwa miaka mitatu kabla ya kwenda Tabora. Ni kweli. Lakini Nyerere alianza shule pale Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka kama 12, mtoto aliyekwisha chunga mbuzi na kukaa na wazee. Ukimsogeza huyo mbele unamrudisha kwa wa rika lake. Wangu bado analilia kiatu kikivaliwa mguu usio wake. Kumrusha ni kumtoa kwa wenzake wa kucheza nao kombolela na kumkalisha na mabinti watakaomtuma maji. Akili yake imetangulia. Mikono, machozi na urafiki vina miaka sita. Tena huko mbele atakutana na ubao ule ule, ila kwa mwaka unaofuata. Baada ya miezi mitatu anamaliza mapema tena. Mtamrusha mara ngapi?

Shangazi yake alikuwa na wazo la bweni. Namshukuru aliyeandika waraka wa 2023 uliozuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne. Ulininusuru na ugomvi wa kifamilia.

Shule ya nne niliingia kwa sababu ni mtaa wa pili tu, na jua lilikuwa kali. Ya serikali. Mwongozo unasema watoto 45 kwa darasa; mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa na zaidi ya 90, wengine chini kwenye mkeka. Nilimuuliza swali langu karibu kwa aibu. Akafikiri kwanza, jambo ambalo wale watatu hawakulifanya. "Mama, huwa namwambia atunge maswali mawili ya kuwauliza wenzake. Nikipata nafasi anayauliza. Ila nafasi siipati kila siku."

Jibu bora nimelipata kwenye mazingira mabovu kuliko yote. Sijidanganyi kwamba mwalimu mmoja anaishinda idadi ile. Nimeangalia pia lugha, maana shule hii inafundisha kwa Kiswahili: maswali ya binti yangu yote ni ya Kiswahili, na kumnyamazisha mwaka mzima akitafuta maneno ya Kiingereza naona ni hasara. Najua, kidato cha kwanza kinamsubiri na Kiingereza chake, na wanaonikumbusha hilo wana hoja. Bado nimeona afadhali mtoto anayeuliza kuliko anayejibu kwa Kiingereza kizuri asichoulizwa.

Sare ya shule ya nne, sketi ya bluu na shati jeupe, imeshanunuliwa. Mama mkwe amepokea habari kwa "haya" fupi, na wenye mama mkwe mnaelewa. Baba yake amekubali kwa sharti kwamba tutaangalia mpaka mwisho wa darasa la pili, na Kiingereza kifundishwe nyumbani kila jioni. Mwalimu wa jioni kajiteua yeye mwenyewe. Sasa tunasubiri kuona siku atakayofika kutoka kazini Posta kabla mwanafunzi hajalala.